Ugali wa Uzigua na Maradhi ya Ngano

Wazigua waliopelekwa Somalia kwa majahazi katika miaka ya 1830 na 1840 walikuwa wanakimbia njaa. Mvua zilikatika, maghala yakabaki matupu, na wafanyabiashara wa pwani wakawaahidi kibarua. Walichokikuta Benadir, pwani ya Somalia, ni utumwa. Waliotoroka, kundi moja likiongozwa na mwanamke aitwaye Wanankhucha, walijificha katika misitu ya bonde la mto Juba, wakafyeka na kupanda mahindi na mtama kama walivyozoea kwao Uzigua, eneo la Handeni nchini Tanzania. Vizazi vyao bado vinazungumza Kizigula.

Kilimo hicho walichohama nacho, kisicho na ngano, kina uhusiano wa karibu na ugonjwa ambao Handeni wachache wameusikia: siliaki. Ili uzuke, lazima mambo mawili yakutane, yaani mwili uliorithi mwelekeo wa kuupata na chakula chenye gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Mgonjwa akila mkate, kinga ya mwili wake hugeuka na kushambulia utumbo mwembamba. Vinyweleo vya kunyonya chakula huliwa na kusawazika, na mtu hukonda ilhali anakula. Tumbo hujaa gesi, kuharisha hakukomi, damu hupungua, mtoto hudumaa. Wengine hawaharishi kabisa. Huchoka tu mwaka hadi mwaka.

Jikoni mwa Mzigua wa zamani gluteni haikuwa na pa kukaa. Paliliwa ugali wa mtama au wa mahindi, mihogo mibichi na makopa, kunde na mbaazi. Kwenye milima ya Usambara juu ya Korogwe palikuwa na ndizi. Hata reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilipofika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakaita vibarua kutoka mbali, posho yao ilikuwa unga wa mahindi. Ngano ilibaki chakula cha mjini na cha sikukuu kwa muda mrefu.

Huko Ulaya na Marekani, madaktari walikuwa wanapapasa. Samuel Gee wa London aliandika mwaka 1888 kwamba kama mgonjwa wa siliaki atapona, basi atapona kwa chakula, ila hakujua chakula gani. Mwaka 1924 Sidney Haas wa New York aliwalisha watoto ndizi kwa wingi na kuwanyima mkate. Walinenepa, naye akaamini ndizi ndiyo dawa, kumbe kilichowaponya ni kile walichonyimwa. Jibu lilikuwa mikononi mwa Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, aliyekuwa ameanza kuishuku ngano tangu miaka ya 1930. Katika njaa kali ya Uholanzi ya 1944 na 1945 mkate uliadimika, na watoto wenye siliaki wakapata nafuu. Mkate uliporudi, maradhi nayo yakarudi. Dicke alichapisha tasnifu yake mwaka 1950.

Ngano inaweza kuingia katika jamii kwa haraka kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1999 watafiti waliripoti kwamba kati ya watoto wa Kisahrawi, wanaoishi kwenye kambi za wakimbizi huko Algeria, asilimia 5.6 walikuwa na siliaki, wakati duniani kwa jumla ni takriban asilimia moja. Watu wale walikuwa wafugaji wa ngamia. Unga wa ngano uliwafikia kwa wingi kupitia ukoloni wa Kihispania na misaada ya kambini. Wazigua wa Juba nao walipita njia inayofanana. Waitaliano waliiachia Somalia tambi, vita vya 1991 vikawapeleka Wazigua hao kwenye kambi za Kenya zilizogawa unga wa ngano, na maelfu wakahamia Marekani kuanzia 2003. Wengine walirudi kwa mababu, Handeni, wakapewa makazi Chogo.

Handeni waliyoirudia si ile ya makopa matupu. Hata stendi ya Korogwe jirani asubuhi kuna chai na chapati, maandazi na sambusa. Kwa wengi hakuna ubaya. Kwa mwenye siliaki kila kitafunwa hicho ni jeraha, na shida yake ni rahisi kusingiziwa minyoo au amiba.

Anayeshuku asiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo hupotea mtu akishaiacha, na majibu yanaweza kutoka safi ilhali ugonjwa upo. Baada ya hapo huchukuliwa kinyama kidogo cha utumbo kwa endoskopi, kazi ya hospitali kubwa za rufaa.

Ukithibitishwa, dawa ni kuacha gluteni maisha yote, na hapa ugali, wali, bada la muhogo, viazi, ndizi na maharage ni hazina kubwa. Hatari iko kwenye mashine ya kusaga. Mteja aliyetangulia akiwa amesaga unga wa lishe wenye ngano, vumbi lake hubaki kwenye chekeche na kuangukia mahindi ya anayefuata. Ni salama zaidi kutafuta mashine isiyosaga ngano kabisa, au kutwanga kwa kinu cha nyumbani. Mafuta yaliyokaanga maandazi yasikaange mihogo ya mgonjwa. Na mtoto akiwa shuleni, mwalimu aambiwe mapema, kwa sababu saa ya mapumziko ndiyo saa ya maandazi.