Mahali pa Kutazama katika Nchi Yetu

Wasikilizaji wetu, twasikia habari za watu wasafirio mpaka Istanbul, mji mkubwa wa Uturuki, ili kutazama jengo la Ayasofya. Lilikamilika mwaka wa 537, likawa kanisa; mwaka wa 1453 likageuzwa msikiti; baadaye likafanywa nyumba ya makumbusho, na tangu mwaka wa 2020 ni msikiti tena. Watawala wamepita, kuta zimedumu. Je, mtu wa Shinyanga atakaye kujua habari za kwao atazame nini? Maana wazee wetu walijenga kwa miti, udongo na nyasi.

Na aanzie Mwadui. Huko, mwaka wa 1940, Dr. John Williamson, mtu wa Kanada, alivumbua almasi. Mwaka wa 1947 likapatikana jiwe la rangi ya waridi, uzito wake karati 54 na zaidi, akapewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya arusi. Aendaye Mwadui huona shimo kubwa mno. Jiwe lenyewe lilikwenda ng'ambo.

Kisha aende Mwanza. Tarehe 3 Agosti 1858, John Speke alisimama kilimani akaliona ziwa, akaliita Victoria kwa jina la malkia wake. Vitabu vingi vilisema kwamba alilivumbua. Lakini wavuvi wa pwani zake walilijua tangu kale, na Speke mwenyewe alikwisha pata habari zake kwa Waarabu wa Kazeh, karibu na Tabora.

Mwisho afike Bujora, katika Kisesa. Hapo, katika miaka ya 1950, Padre David Clement pamoja na Wasukuma wenyewe walianza kukusanya vitu vya kale, na humo zimo ngoma za watemi. Ngoma hizo hazikuwa za kuchezea tu, bali zilikuwa alama ya enzi. Watemi walipoondolewa madaraka mwaka wa 1963, nyingi zingaliweza kuozea nyuma ya nyumba kama si kazi hiyo.

Almasi haikosi mtunzaji, maana kila mtu aijua bei yake. Ngoma, kaburi la mtemi, au jina la kilima hutunzwa na yule tu ajuaye maana yake. Kwa hiyo, enyi vijana wa shule, waulizeni wazee wenu wangali hai, nasi walimu tutawasaidia kuyaandika. Mchwa hawangoji.