Fileti ya Masisi na ardhi iliyoilisha

Katika hoteli za Goma zilizopakana na Ziwa Kivu, fileti huletwa na chipsi na sosi ya uyoga, bei yake imeandikwa kwa dola. Mhudumu atakuuliza unataka iive kiasi gani. Hakuna anayeuliza ng'ombe alilishwa kwenye ardhi ya nani, ingawa huko Masisi, wilaya ya milimani magharibi mwa Goma, watu wameuana kwa ajili ya jibu.

Wabelgiji waliipenda Masisi kwa baridi na rutuba yake. Wakafungua mashamba makubwa kwenye ardhi ya Wahunde, wenyeji wa huko, na kati ya 1937 na 1955 wakahamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda waje kulima na kufanya kazi, chini ya mpango wa uhamiaji wa Wanyarwanda ulioitwa MIB. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu akatangaza kwamba mashamba ya wageni yarudi kwa Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo. Wazaire gani? Wenye vyeo na wenye jamaa Kinshasa. Misitu ya milimani ikazidi kukatwa, majani ya malisho yakatanda, na mkulima mdogo akajikuta akichungulia shamba la babu yake kupitia uzio wa tajiri.

Machi 1993 mauaji kati ya wenyeji na watu wenye asili ya Rwanda yalianzia sokoni Ntoto, katika wilaya jirani ya Walikale, yakapanda hadi Masisi. Mwaka uliofuata wakaja wakimbizi wa Rwanda, wakiwemo wenye silaha, na mifugo ikaporwa na kuchinjwa kundi baada ya kundi.

Walikale yenyewe ni msitu, haina malisho ya kutosha. Machimbo ya Bisie, humo Walikale, yalipofumuka mwaka 2002 kwa ajili ya madini ya bati, ng'ombe wa Masisi waliswagwa kwa miguu kwenye matope mpaka kwa wachimbaji. Nyama ile nayo ilikuwa ghali, bila kitambaa mezani wala sosi.

Meza za dola zilistawi Goma baada ya Vita vya Pili vya Kongo, walipokuja wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada. Januari 2025 waasi wa M23 waliteka mji wa Masisi, kisha Goma. Benki zikafungwa, na wateja wengi wakaondoka.

Aliyelipa mapema kuliko mteja yeyote ni mwenye ng'ombe. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, taasisi ya utafiti ya Ubelgiji, walihesabu vizuizi 798 barabarani katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, na kwenye vingi mpitaji alitozwa, awe na makaa, maharage au ng'ombe.