Rangi ya Unga

Tangu kale adui wa chuma ni kutu, na ngao yake ni rangi. Lakini rangi ya majimaji aghalabu huchanganywa na kiyeyushi, ambacho mvuke wake hudhuru kifua cha mpakaji.

Mwaka 1953, Mjerumani Erwin Gemmer aliomba hataza ya njia nyingine: unga wa plastiki ulipulizwa hewa kutoka chini hata ukatibuka kama maji yachemkayo, kisha chuma cha moto kikatumbukizwa humo, unga ukayeyuka na kukigandamana.

Katika miaka ya 1960 ukaja unyunyizaji: unga hutiwa umeme, ukavutwa na chuma kilichosafishwa, kisha huokwa tanurini kwa joto la sentigredi 200 hivi. Unga uliopotea njia huweza kukusanywa ukatumika tena.

Hivyo fundi alipata ngao, na kifua chake kikasalimika na mvuke ule.