Urafiki: kiwanda kilichoivalisha nchi

Mwalimu Nyerere alipokifungua kiwanda cha nguo cha Urafiki, Ubungo, Julai 1968, Azimio la Arusha lilikuwa na mwaka mmoja na ushei. China ilitoa mkopo usio na riba, mitambo na mafundi. Tanzania ilitoa ardhi, pamba na vijana, ambao wengi walijifunzia kazi palepale. Marobota ya pamba yaliingia upande mmoja, yakasokotwa, yakafumwa, yakatiwa rangi, yakatoka khanga na vitenge upande wa pili. Hapo kabla, khanga nyingi za pwani zilichapwa ng'ambo: India, Uholanzi, Uingereza, Japani.

Wachina walikijenga kiwe kiwanda cha kuajiri watu wengi. Mwatex ya Mwanza, iliyojengwa kipindi hichohicho kwa mitambo ya Kifaransa iliyojiendesha zaidi, ilihitaji watu wachache kwa kazi ileile. Kwa nchi yenye mikono mingi na fedha kidogo, naona Wachina walipatia.

Na kiwanda kilikuwa na bendi! Mwaka 1970 ilianzishwa Urafiki Jazz, ikiongozwa na Juma Mrisho, "Ngulimba wa Ngulimba". Dansi lake lilitangaza khanga na vitenge vya kiwanda. Siku hizi kampuni hulipia tangazo redioni. Urafiki iliajiri wanamuziki.

Tunapofika kwenye anguko, lawama zote hutupiwa mitumba. Sikubaliani nazo. Ugonjwa ulianza mapema, mwishoni mwa miaka ya 1970, bei ya mafuta ilipopanda na vita vya Kagera vilipomaliza fedha za kigeni. Pamba ilikuwa yetu, lakini vipuri na rangi vilitoka nje. Mtambo ukiharibika, ulikaa. Wakati huohuo watu walipanga foleni kununua nguo zilizopo kwa sababu hapakuwa na nyingine, na foleni ya namna hiyo humlemaza muuzaji. Hajifunzi kumbembeleza mteja.

Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Nguo za nje zikamiminika, mitumba nayo ikafurika, na kiwanda kikakutwa kimechoka tayari.

Katikati ya miaka ya 1990 kikawa kampuni ya ubia: Wachina asilimia 51, Tanzania asilimia 49. Kazi ilianza upya, na migomo ya mishahara ikafuata. Sokoni, khanga na vitenge vya bei ya chini viliendelea kuingia kutoka India na, ajabu, kutoka China yenyewe.

Pamba nyingi ya Tanzania bado huuzwa nje ikiwa imechambuliwa tu, haijasokotwa. Viongozi wakituahidi tena kufufua viwanda vya nguo, tuwaulize kwanza rangi, vipuri na umeme vitatoka wapi. Habari ya mitumba ifuate baadaye.