Bendera Mbili za Pangani

Wahenga walinena kuwa manahodha wengi chombo huenda mrama. Kila aliyeutawala mwambao wa Tanga aliipenda methali hiyo, kwa kuwa kila mmoja alijiona ndiye nahodha anayestahiki kubaki. Historia ya mwambao huo, hata hivyo, yauliza swali jingine: nahodha huwekwa na nani, na ushuru wa bandari waenda wapi?

Aprili 1888, Sultani Khalifa bin Said wa Unguja aliikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala na forodha za mrima, tangu Mto Umba hadi Ruvuma. Kwa mkataba, Kampuni ingetawala kwa jina la Sultani. Wenyeji hawakuulizwa. Mwezi Agosti, Emil von Zelewski, wakala wa Kampuni, alitaka bendera ya Kampuni ipepee Pangani kando ya ile ya Sultani. Liwali alikataa. Ugomvi wa vitambaa viwili ukazaa vita, maana bendera ndiyo iliyoamua nani atoze ushuru na nani ahukumu. Abushiri bin Salim, aliyeviongoza vita hivyo, alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka uliofuata Ujerumani ikaununua mwambao kwa marki milioni 4. Liwali akasalia, akida akaongezwa, lakini neno la mwisho likawa la Berlin.

Waingereza walipoitwaa Tanga mwaka 1916, mwenye amri alibadilika, amri ikaendelea kutoka mbali. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani na karani wa forodha tangu 1926, alifanya kazi katika ofisi ya Wilaya ya Tanga baina ya 1946 na 1952. Mshairi mkubwa wa lugha hii alikula mshahara wake kwenye meza ambako amri za mbali ziligeuzwa kuwa barua za karibu.

Uhuru haukulimaliza swali. Mwaka 1972 halmashauri zilivunjwa kwa jina la Madaraka Mikoani. Nia iliyotangazwa ilikuwa kuisogeza serikali kwa wananchi; waliosogezwa ni maofisa, na diwani aliyechaguliwa akaondoka. Huduma za miji zikadhoofika, hata mabaraza ya miji yakarejeshwa mwaka 1978, na kwa sheria za 1982 halmashauri zote zikasimama tena mwaka 1984. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato ya taifa. Mwaka 2021 kodi hiyo ikaanza kukatwa mtu anaponunua umeme. Mwenye nyumba wa Ngamiani akawa anailipa kodi ya mji wake pasipo kukutana na mji wake.

Ng'ambo ya mpaka wa Horohoro mambo ni mengine. Tangu 2013 watu wa Vanga humpigia kura gavana wa Kwale, na katiba ya Kenya ya 2010 huzitengea kaunti si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Mkuu wa Mkoa wa Tanga huteuliwa na Rais.

Marekani huchagua magavana wake, na rekebisho la katiba la 1791 huyaachia majimbo, au wananchi, mamlaka yote ambayo shirikisho halikupewa. Hilo nalo si dawa ya kila maradhi. Mamlaka hayohayo yaliwahi kuwa ngao ya wamiliki wa watumwa. Na tangu 2022, Mahakama Kuu ilipoyarudishia majimbo sheria za utoaji mimba, haki ya mwanamke imetegemea upande wa mpaka anakoishi. Walioihofia Tanganyika ya majimbo hawakuota ndoto tupu: umoja wa nchi na wa lugha ni neema isiyobezwa.

Lakini umoja haukulazimu mji unyang'anywe mkoba wake. Mkataba wa 1888 uliliacha jina la Sultani juu ya mlingoti na kuichukua forodha iliyokuwa chini yake. Watu wa Pangani waliitambua tofauti hiyo mapema. Diwani mwenye kiti asiye na mapato yuko karibu na watu. Madaraka yangali mbali.