Prosesa ya bei nafuu kwa michezo ya kompyuta: Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua

KIJANA anayetaka kuunda tarakilishi ya kuchezea michezo kwa fedha chache hukabiliwa na swali moja kubwa: ni prosesa ipi inayostahili bei yake?

Prosesa ikiwa dhaifu, kadi ya michoro iliyonunuliwa kwa bei ghali itakaa ikisubiri kazi. Ikiwa ghali kupita kiasi, fedha zitakazosalia hazitatosha kununua kadi nzuri, nayo kadi ndiyo hubeba mzigo mkubwa katika michezo mingi. Kwa vyovyote vile, akiba ya miezi mingi huishia katika mashine isiyomridhisha mwenyewe.

Kazi ya prosesa

Prosesa ndiyo ubongo wa tarakilishi. Katika mchezo, hukokotoa mahali alipo kila mhusika, jinsi mpira unavyodunda na hatua watakazochukua maadui wanaoongozwa na mashine. Baada ya hapo huiamuru kadi ya michoro ichore picha inayoonekana kwenye skrini.

Skrini ya hezi 60 huonyesha picha 60 kwa sekunde. Hii ina maana kuwa kila picha inapaswa kuwa tayari kwa takriban milisekunde 16.7. Kwa skrini ya hezi 144, muda huo hupungua hadi chini ya milisekunde 7. Kadiri mchezaji anavyotaka picha nyingi zaidi kwa sekunde, ndivyo prosesa inavyozidi kubanwa.

Ukubwa wa picha nao huielemea zaidi kadi ya michoro. Skrini ya vitone 1920 kwa 1080 ina vitone takriban milioni 2, ilhali ile ya 3840 kwa 2160 ina zaidi ya milioni 8. Kazi ya kadi huongezeka mno, lakini ya prosesa haibadiliki sana.

Kwa hivyo, mwenye skrini ya kawaida ya hezi 60 hana haja ya prosesa ya bei ya juu. Anayeshindana katika michezo kama vile Counter-Strike 2 au Valorant, ambako wachezaji hutafuta mamia ya picha kwa sekunde, ndiye anayefaa kutenga fedha zaidi kwa kifaa hiki.

Mambo manne ya kuchunguza

La kwanza ni idadi ya viini. Kila kiini hufanya kazi kama prosesa ndogo inayojitegemea. Prosesa nyingi huwezesha kila kiini kushughulikia nyuzi mbili za kazi kwa wakati mmoja. Viini 4 vyenye nyuzi 8 ndicho kiwango cha chini kinachofaa kwa michezo ya siku hizi, na viini 6 vyenye nyuzi 12 humpa mnunuzi nafasi ya kupumua.

La pili ni kasi, ambayo hupimwa kwa gigahezi. Gigahezi 1 ni mapigo bilioni 1 kwa sekunde. Hata hivyo, kasi hii haifai kutumiwa kulinganisha prosesa za vizazi tofauti, kwani kiasi cha kazi kinachokamilishwa katika kila pigo hakilingani.

La tatu ni kache, yaani hifadhi ndogo yenye kasi kubwa iliyomo ndani ya prosesa yenyewe. Michezo huifaidi sana, kwa kuwa huipunguzia prosesa safari za kwenda kuchukua data kwenye memori.

La nne, na ambalo wanunuzi wengi hulisahau, ni kizazi cha prosesa.

Mfano mwafaka ni Core i7-4790 ya mwaka 2014 na Core i3-12100F ya mwaka 2022, zote za kampuni ya Intel. Kila moja ina viini 4 na nyuzi 8. Ya kwanza hufikia gigahezi 4.0, na ya pili gigahezi 4.3. Mtu anayetazama jina pekee atadhani kuwa i7 ni bora, ilhali ile i3 huishinda kwa umbali mkubwa katika michezo, kwani kila pigo lake hukamilisha kazi nyingi zaidi. Vyote ving'aavyo si dhahabu, na kibandiko cha i7 kwenye mashine kuukuu ni ushahidi wa hayo.

Maana ya herufi

Herufi inayofuata nambari ya prosesa huweza kumwokoa au kumponza mnunuzi. Kwa prosesa za Intel, herufi F humaanisha kuwa haina uwezo wa kuchora picha yenyewe. Tarakilishi yenye prosesa hiyo haitaonyesha chochote bila kadi ya michoro. Herufi K huashiria prosesa ambayo kasi yake inaweza kuongezwa na mtumiaji.

Kwa upande wa prosesa za Ryzen za kampuni ya AMD, herufi G katika mashine za mezani humaanisha kuwa prosesa ina sehemu ya michoro yenye nguvu kiasi, nayo X huashiria kasi ya juu zaidi.

Prosesa zinazofaa kulinganishwa

Core i3-12100F ilitolewa kwa bei ya takriban dola 100 za Marekani. Hii ndiyo njia ya chini zaidi ya kuingilia kwa mtu aliye na kadi ya michoro ya kiwango cha kawaida. Dada yake, Core i5-12400F, ina viini 6, nyuzi 12 na kache ya megabaiti 18, na inamfaa zaidi anayetaka mashine ya kudumu.

Ryzen 5 5600 iliingia sokoni Aprili 2022 kwa dola 199. Ina viini 6, nyuzi 12, kache ya megabaiti 32 na kasi ya hadi gigahezi 4.4. Ryzen 5 5500 ilitolewa mwezi huo huo kwa dola 159. Ingawa majina yake yanakaribiana, kache ya 5500 ni megabaiti 16 tu, na tofauti hiyo huonekana katika michezo. Tofauti ya bei dukani ikiwa ndogo, ni heri kuongeza kidogo na kuchukua 5600.

Asiyemudu kadi ya michoro kwa sasa anaweza kuanza na Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021. Prosesa hii humudu michezo myepesi bila kadi. Sharti ni kuwa memori iwekwe vipande viwili badala ya kimoja, kwa kuwa sehemu ya michoro hutumia memori hiyo hiyo, na vipande viwili huipatia data kwa upana maradufu.

Soketi na memori

Prosesa haitumiki peke yake. Ni lazima ioane na soketi ya bodi kuu. Ryzen za mfululizo wa 5000 zilizotajwa hutumia soketi ya AM4 na memori ya aina ya DDR4. Soketi ya AM5, iliyozinduliwa mwaka 2022, hukubali DDR5 pekee. Soketi ya LGA1700 ya Intel ina bodi za aina zote mbili, hivyo ni muhimu kusoma maelezo ya bodi kabla ya kulipa.

Suala hili lilipata uzito zaidi mwishoni mwa mwaka 2025, bei za memori zilipopanda kwa kasi kutokana na mahitaji ya vituo vya data vya akili bandia. Mtu ambaye tayari ana memori ya DDR4 huokoa fedha nyingi kwa kuchagua prosesa inayoikubali.

Aidha, bodi za zamani za AM4 huhitaji kusasishwa programu yake ya BIOS kabla ya kutambua Ryzen 5 5600. Mnunuzi amwombe muuzaji afanye kazi hiyo na aiwashe mashine papo hapo.

Tahadhari kwa mitumba

Jijini Nairobi, wengi hununua mashine zilizotumiwa maofisini ng'ambo. Baadhi ni nzuri, lakini "Core i5" pekee si maelezo ya kutosha. Muuzaji aonyeshe nambari kamili.

Microsoft ilikomesha usaidizi wa kawaida wa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Windows 11 kwa kawaida hutaka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au Ryzen ya mfululizo wa 2000 kwenda juu. Isitoshe, mashine nyingi ndogo za ofisini zina kipaza umeme kisichoweza kulisha kadi kubwa ya michoro, na sanduku lisilo na nafasi ya kuiingiza.

Anayenunua Ryzen ya AM4 iliyotumika achunguze pini zilizo chini ya prosesa. Kwa Intel za LGA1700, pini zimo kwenye bodi, hivyo bodi ndiyo ya kukaguliwa.

Uangalifu zaidi unahitajika kwa prosesa za mezani za Intel za vizazi vya 13 na 14, hasa zile zenye nguvu kubwa. Mwaka 2024 kampuni hiyo ilithibitisha kuwa baadhi zilikuwa zikipokea volteji ya juu kupita kiasi na kuharibika. Marekebisho yalitolewa kupitia BIOS, lakini hayaponyi prosesa iliyokwisha kudhurika. Kizazi cha 12 hakikuhusishwa na kasoro hiyo.

Kwa ufupi, mnunuzi aanze kwa kuorodhesha michezo anayoipenda na skrini aliyo nayo, kisha achague kadi ya michoro inayoitosheleza. Prosesa ifuate, pamoja na bodi na memori, kwa bei iliyojumlishwa. Prosesa ya bei rahisi inayodai bodi na memori za bei ghali si rahisi tena.