Sayyida Salme: Binti wa Sultani aliyeandika ya ndani ya kasri

Unataka kuijua Zanzibar ya zamani kutoka kwa mtu aliyelala ndani ya kasri? Anza na huyu.

Sayyida Salme alizaliwa 1844 Mtoni, Unguja, binti wa Sultani Said bin Sultan. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma tu. Kuandika alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia.

Mwaka 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, alitoroka kwa manowari ya Waingereza hadi Aden. Huko akabatizwa, akaitwa Emily, wakaoana 1867. Miaka 3 baadaye mume alifariki kwa ajali ya tramu Hamburg, akamwachia watoto 3 wadogo.

Kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka Berlin 1886, kwa Kijerumani. Mavazi, harusi, wivu wa masuria, hadi njama ya kumpindua kaka yake, Sultani Majid, ambayo katibu wake alikuwa yeye mwenyewe, tena binti wa miaka 15! Yote yamo. Ila msome kwa macho makavu, maana utumwa anautetea waziwazi.

Na sisi wa Songea tuna letu hapa. Mwaka 1885 alirudi Zanzibar kumdai kaka yake mwingine, Sultani Barghash, mirathi, akiwa kwenye msafara wa manowari za Kijerumani zilizokwenda kumtisha Sultani huyo. Dola hiyohiyo ndiyo iliyomnyonga Nduna Songea Mbano 1906.

Salme alifariki Jena, Ujerumani, 1924.